Shingo ya Njiwa wa Tano

Jumapili, Julai. Jioni, Gitothua.

Wingu limekaa juu ya Ruiru tangu Jumanne na halina haraka ya kuondoka. Ngozi ya njiwa haitakauka upesi. Nimeigusa sasa hivi hapa mezani varandani, na chini ya bawa bado ni baridi na laini kama kitambaa cha kupangusia vyombo.

Sijaandika hapa kwa wiki sita. Nikinyamaza hivi, huwa kuna jambo ninalikwepa.

Nimemkosea mtu. Nitaandika tangu mwanzo, kwa sababu nikianzia mwisho nitajipendelea.

Mimi si mwalimu, ingawa kila mtu huniita mwalimu. Ninatunza maabara ya shule moja ya sekondari hapa Ruiru: naosha chupa, napima dawa, natayarisha panzi na vyura wa somo la biolojia. Katika kabati la nyuma kulikuwa na hondohondo aliyekaushwa na kujazwa pamba zamani, kabla sijaajiriwa. Mwezi wa pili nilifungua kabati nikakuta wadudu wamemla. Palibaki mdomo, mguu mmoja na vumbi la manyoya. Wanafunzi walicheka. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta video za jinsi ndege anavyochunwa na kukaushwa ili abaki na umbo lake.

Ndivyo nilivyoanza, peke yangu, na wembe wa upasuaji kutoka duka la dawa, chumvi, boraksi ya kufukuza wadudu, pamba, waya, na pakiti ya unga wa ugali. Unga ni wa kunyonya damu na mafuta yasichafue manyoya. Hata wale wazungu wa kwenye video wanatumia unga wa mahindi, jambo lililonifurahisha kuliko inavyostahili.

Ndege wa porini siwagusi. Sheria hairuhusu bila kibali, hata kama umemwokota amekufa barabarani, na mimi napenda kujiona mtu wa kufuata sheria. Kwa hiyo nilianza na kuku. Alitoka amefura, macho yakitazama pande mbili, akifanana na mto wa kiti uliokaliwa na mtu mzito. Nilimficha chini ya kitanda wiki moja, kisha nikamzika.

Mlinzi wa hapa ploti aliniuliza asubuhi moja, "Mwalimu, hayo manyoya kwa ndoo ya taka ni ya nini?"

Nikamwambia ni ya kuku. Akatazama ndoo, akanitazama mimi, akasema polepole, "Sawa." Tangu siku hiyo ananisalimia akiwa mbali. Najua anachofikiria. Niliudhika sana. Nilisema moyoni, watu wengine wanaona unyoya mmoja tayari wametunga hadithi nzima ya uchawi.

Laiti ningejisikiliza siku ile.

Tata Wangechi ni dada mdogo wa marehemu mama yangu. Anaishi Makongeni, kule Thika, katika nyumba ileile aliyofikia alipoolewa. Alifanya kazi kiwandani miaka mingi. Mume wake amefariki, na mwanawe wa pekee yuko Eldoret, hupiga simu Jumapili. Nyuma ya nyumba kuna kibanda cha njiwa alichojenga mume wake kwa mbao na mabati, na ndani yake njiwa thelathini hivi. Weupe, wa kijivu, na wachache wa rangi ya chai ya maziwa.

Kutoka kwangu hadi kwake si mbali. Nilikuwa namtembelea Krismasi, na Pasaka kama hakuna jambo lingine. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Pasaka ya mwaka huu nilimsimulia habari za yule kuku. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la leso. Wiki moja baadaye akapiga simu.

"Njoki, njiwa mmoja amekufa. Nitupe, ama unakuja?"

"Usitupe, Tata. Nakuja."

Nilimkuta ameshamweka kwenye sehemu ya barafu ya friji yake ndogo, ndani ya pakiti tupu ya unga. Alikuwa amepika mukimo wa viazi na mahindi. Tulikula, tukatoa albamu ya picha, akanionyesha mama yangu akiwa msichana, amesimama kando ya baiskeli isiyo yake. Nilikaa mpaka saa kumi. Nakumbuka saa kwa sababu alinisindikiza hadi barabarani, akasema, "Leo umekaa."

Njiwa yule wa kwanza alikuwa mgonjwa. Hilo sina shaka nalo hata leo. Mfupa wa kifua ulitokeza kama mgongo wa kisu, na ndani ya mdomo kulikuwa na uchafu wa manjano. Nilimchuna vibaya. Ngozi ya njiwa ni nyembamba ajabu, unaipumulia inapasuka, na manyoya yanang'oka kwa wingi ukiwa bado unajiuliza umeshika wapi. Nilitupa nusu ya kazi. Lakini mkono ulikuwa umeonja.

Baada ya wiki mbili na siku kadhaa, simu tena. Mwingine amekufa.

Wa pili alikuwa mnene. Kifua kimejaa, manyoya yanang'aa, na kile kifuko cha kooni, pale ndege anapoweka nafaka kabla ya kuisaga, kilikuwa kimejaa mahindi makavu. Nilipofika shingoni nikakuta damu imeganda chini ya ngozi, na mifupa miwili imeachana. Nikajilaumu. Nikasema, Njoki, umemvuta sana, umemvunja mwenyewe.

Wa tatu nilimpapasa kabla ya kumkata. Nilifunga macho, nikapitisha vidole kutoka kichwani kushuka. Mfupa, mfupa, mfupa, halafu pengo.

Ndege mgonjwa hajazi kifuko mahindi. Paka huacha alama za meno. Sumu haivunji shingo. Nilikaa na njiwa yule mapajani, unga umenijaa mikononi.

Mtu alikuwa anawaua njiwa wa Tata kwa mikono.

Wa nne alikuja mwezi wa sita. Shingo vilevile.

Sasa niseme kuhusu Mama Deno. Yeye ni jirani wa Tata, mlango unaofuata, wametengwa na ua wa mabati. Anafua nguo za watu. Anaenda nyumba hadi nyumba Makongeni na Kamenu, na nyingine huzileta kwake na kuzianika nyuma ya nyumba. Kamba zake zinapita chini ya paa wanalopenda njiwa kukaa. Fikiria mwenyewe. Shuka jeupe la mteja limefuliwa mara mbili, na njiwa ametulia juu yake kama bwana shamba.

Mwezi wa tano nilimsikia kwa masikio yangu akisema ng'ambo ya mabati, "Hizi njiwa siku moja zitanijua mimi ni nani!"

Neno hilo nililishika. Nililitia mfukoni kama mtu anayeokota sarafu.

Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa ushahidi. Bati moja la ua lililegea pembeni, mkono unapita. Mlangoni kwake niliona unyoya mweupe. Siku moja alinisalimia kwa furaha, "Habari ya Ruiru, Mwalimu?" nikajiuliza mbona leo ana furaha. Safari iliyofuata hakunisalimia, nikajiuliza anaficha nini. Nilikuwa na daftari la pembeni kwa kazi hiyo. Niliandika tarehe, uzito, hali ya kifua, hali ya shingo. Nilipiga picha kila shingo kwa karibu, na wembe kando kuonyesha ukubwa, kama tunavyofundishwa kazini.

Nitakiri jambo. Kazi ya kuchuna ilinoga zaidi. Nilikuwa sijifunzi tena kumsimamisha ndege kwenye waya. Nilikuwa namfungua kutafuta kosa la mtu.

Nilimwambia Tata. Tulikuwa jikoni kwake, anachambua maharagwe. Nikamweleza polepole kwamba njiwa wake hawafi, wanauawa, na kwamba namshuku jirani. Mikono yake ilisimama kwenye ungo.

"Ah, Njoki. Ndege hufa. Achana nayo."

"Tata, mtu anazivunja shingo."

"Nimesema achana nayo."

Akainuka kwenda kuangalia maji ambayo hayakuwa yamechemka. Nikaona uso wake umebadilika, na nikajua, au nilidhani najua, kwamba ni hofu. Mama mzee anaishi peke yake karibu na mtu mwenye mikono ya namna hiyo! Sikumuuliza tena. Nilikwenda moja kwa moja kwa mzee wa nyumba kumi, kiongozi wa majirani wa pale, nikamweleza yote, nikamwomba aite watu.

Walikutana Jumamosi ya juma lililopita, langoni, pale nyumba za mstari ule zinapokutana na barabara. Watu kama kumi na tano. Nilikuwa nimevaa koti langu la maabara. Hakuna aliyeniambia nilivae. Nilisimama nikaonyesha picha kwenye simu, mmoja mmoja akapita akatazama. Nikaeleza mfupa unavyoachana, damu inavyoganda, kwa nini si paka, kwa nini si ugonjwa. Nilizungumza vizuri. Nilijisikia nikizungumza vizuri. Halafu nikasema habari za shuka na kamba, na maneno niliyoyasikia ng'ambo ya mabati.

Mama Deno alikuwa amesimama na beseni kiunoni.

"Mwalimu, umeniona?"

"Sikukuona. Lakini ukiangalia vile—"

"Nimeuliza, umeniona?"

Nilishusha simu. Yeye hakunitazama tena. Alimtazama Tata, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlingoti wa lango. Alimtazama kwa muda mrefu. Tata alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikalisoma jicho lile kuwa vitisho. Niliporudi nyumbani niliandika kwenye daftari: *Amemkodolea Tata macho mbele ya watu.*

Mzee wa nyumba kumi alisema ua urekebishwe, na yeyote mwenye tabia hiyo aache. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Watu wote walikuwa wameshageuka upande wa beseni.

Nililala usingizi mzuri usiku ule. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Jana asubuhi Tata alipiga simu. Nilikuwa nimemwambia katikati ya juma kwamba Jumamosi hii sitakwenda, nina karatasi za mtihani za kupanga. Akasema kwa sauti ndogo, "Njoki, mwingine ameanguka."

Niliacha karatasi. Nilikwenda nikiwa na hasira iliyotulia, ile hasira ya mtu anayejua alikuwa sahihi. Anathubutu vipi, hata baada ya mkutano! Nilipofika nilipitia kwanza mlangoni kwa Mama Deno. Nilikuwa nimeshapanga maneno.

Kulikuwa na kufuli.

Mama mmoja wa nyumba ya mkabala alikuwa ameketi kizingitini akimenya minji. Nikamuuliza Mama Deno ametoka saa ngapi.

"Leo?" akasema. "Hayuko. Ameenda kwao Maragua tangu Jumapili iliyopita." Akatupa maganda kwenye sufuria. "Si ni wewe ulimtoa?"

Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Wiki nzima. Kufuli lilikuwa hata na utando mwembamba wa buibui kwenye tundu la ufunguo.

Tata alikuwa amemlaza njiwa kwenye sinia, mezani. Wa kijivu, mwenye mstari mweusi kwenye bawa. Safari hii hakuwa amemtia kwenye barafu. Nilimwinua. Kichwa kikaanguka pembeni. Nikatia vidole chini ya bawa.

Alikuwa na joto.

Chai ilikuwa tayari imemiminwa. Vikombe viwili, na chapati zimefunikwa kwa kitambaa. Niliangalia chapati zile. Mtu hapiki chapati kwa haraka. Unga hukandwa, huachwa ukae, huviringishwa. Simu yake ilikuwa imeingia saa mbili na nusu, na kutoka hapo hadi nafika ulikuwa umepita muda wa saa moja na nusu, si zaidi. Njiwa mwenye joto, chapati zimeshapoa pembeni: mgeni alipikiwa kabla ndege hajafa.

"Tata, nani amekuja hapa leo asubuhi?"

"Hakuna."

"Bati limerekebishwa?"

"Limerekebishwa Jumatatu."

"Tata."

Alikaa. Akavuta kikombe chake karibu, hakunywa.

"Ile ya kwanza ilikufa yenyewe," akasema. "Nikakuita, ukakuja. Ukakaa mpaka saa kumi. Nikasema sawa, nitangoja ikufe nyingine." Akapangusa meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. "Nikangoja wiki mbili, Njoki. Haikukufa."

Nitaandika nilichofikiria, hata kama ni aibu. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba anadanganya. Nilisema moyoni, anamfunika Mama Deno, ametishwa. Mtu ananiambia ukweli usoni na mimi natafuta mtu mwingine nyuma yake. Shaka ilikuwa imeshakuwa mkono wangu wa tatu.

Nadhani aliliona hilo. Alimchukua njiwa kutoka kwenye sinia, akashika kichwa kati ya vidole viwili na mwili kwa mkono mwingine, akaonyesha tu, bila kuvuta. Mshiko ulikuwa wa mtu anayejua. "Haisikii uchungu," akasema. "Sisi tulifundishwa na nyanya yako, mimi na mama yako. Ni mara moja tu."

"Na siku ya mkutano? Ulinyamaza, Tata! Mama Deno amesimama pale na wewe umenyamaza!"

"Ningesema nini? Mbele ya wale watu wote? Ati naua njiwa za mzee wangu ndio mtoto wa dada yangu anywe chai kwangu?"

Sauti yake ilipasuka kwenye neno *chai*. Halafu akalia, na mimi sikumshika. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na mimi, na sikujua nianze na ipi. Nilitoka nyuma nikasimama mbele ya kibanda. Njiwa walikuwa wananguruma kooni kama kawaida yao, wakinitazama kwa jicho moja moja. Pale ndipo nilipohesabu. Ukiacha siku ya mkutano, tangu Pasaka nilikuwa nimefika kwa Tata mara tano. Mara zote tano kulikuwa na ndege aliyekufa.

Nilirudi ndani nikamwambia tumpigie Mama Deno.

"Piga wewe," akasema.

"Hapana, Tata. Piga wewe. Mimi nitakaa hapa."

Alipiga. Mimi nilimshikia simu sikioni. Alisema tu kwamba anaomba aje, kuna neno. Upande wa pili nikasikia, "Nitakuja kesho baada ya kanisa, Cucu." Cucu, yaani nyanya, ndivyo majirani wanavyomwita.

Nililala hukohuko, kwenye kochi. Ndege nilimtia kwenye friji, sikumchuna. Asubuhi tulikwenda kanisani pamoja, na sikusikia neno hata moja la mahubiri.

Mama Deno alifika saa saba. Alikuwa bado na mkoba wa safari begani. Hakukubali chai. Hakukaa mpaka Tata alipomwomba mara ya pili, na hata hapo alikaa ukingoni mwa kiti.

Tata alimweleza. Hakuzunguka sana. Mimi nilisema yangu baadaye: kwamba nilimsema kwa jambo nisiloliona, kwamba naomba msamaha. Nilipomaliza, Mama Deno alifungua zipu ya mkoba, akaifunga.

"Mimi nilijua," akasema.

Sikuelewa.

"Mwezi wa tano nilikuwa naanika. Hiyo bati ikiwa imelegea, naona mpaka kwa kibanda. Nikakuona, Cucu, umeshika njiwa, ukafanya hivi." Akapindisha vidole hewani. "Nikasema moyoni ni ya supu. Mtu si anaweza kula njiwa yake? Halafu siku ya mkutano ndio nikaelewa."

"Na mbona hukusema?" Nilimuuliza kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. "Ungesema tu umemwona!"

"Niseme huyu mama ni mwongo, mbele ya watu wa kanisa lake?" Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Nilimngoja aseme mwenyewe. Nikamwangalia hivi, nikangoja. Mpaka watu wakatawanyika."

Jicho lile. Lile nililoliandika daftarini kuwa vitisho.

Halafu akatueleza kilichomfanya aondoke. Asubuhi baada ya mkutano nyumba mbili zilimwambia asirudi kufua, moja hapo Makongeni, nyingine Kamenu. Katika ile ya Kamenu alikuwa amefanya kazi miaka sita, ana ufunguo wa mlango wa nyuma. Walimwomba ufunguo. Hawakumweleza sababu, walisema tu wamepata mtu mwingine. Alisema maneno hayo bila kupandisha sauti, kama anayesoma orodha ya nguo alizopokea.

Tata akaanza tena kuomba msamaha. Mama Deno akainua mkono.

"Cucu, nimesikia. Lakini mimi mlinisema langoni, mbele ya watu. Sasa mnaniomba msamaha hapa jikoni?"

Tata alivuta leso yake mabegani, akainuka, akasema, "Njoki, ita mzee wa nyumba kumi."

Walikuja watu wengi kuliko mara ya kwanza, maana ni Jumapili na habari zina miguu. Nilitaka kuanza mimi. Nilikuwa nimejiandaa. Tata alinishika mkono wa sweta akanirudisha nyuma, akasogea mbele mwenyewe. Ni mfupi, Tata. Waliokuwa nyuma ilibidi wainue shingo.

"Zile njiwa niliziua mimi," akasema. "Zote isipokuwa ya kwanza. Mama Deno hakugusa hata moja. Nilijua, na nikanyamaza, na hiyo ni dhambi yangu."

Mtu mmoja akacheka. Sauti fulani ya nyuma ikauliza, "Sasa aliziulia nini?" Tata alisikia. Nilimwona akisikia.

"Nilikuwa nataka wageni," akasema.

Kicheko kilikoma. Mwanamke mmoja wa rika lake, aliyekuwa amesimama karibu na mlingoti, alifunika mdomo kwa mkono. Mzee wa nyumba kumi alikohoa, akavua kofia, akaivaa tena.

Kisha mimi nikasema yangu. Sikuleta picha. Ilichukua muda mfupi sana. Nilisema sikumwona Mama Deno akifanya lolote, na kwamba niliyosema hayakuwa kweli. Nilishangaa jinsi ilivyo rahisi kusema uongo kwa ushahidi mwingi, na ukweli unavyotosha kwenye sentensi mbili.

Watu walipoanza kuondoka, Mama Deno alimwendea Tata. Akamshika mikono yote miwili. Sikusikia waliyosemezana, ila nilimwona Tata akitikisa kichwa, na Mama Deno akimrekebishia leso begani. Yule mwanamke wa karibu na mlingoti alikuwa anamngoja Tata pembeni, na baadaye niliwaona wakiingia ndani pamoja.

Nikamsogelea Mama Deno nami nikanyoosha mkono. Aliupokea, lakini hakuushikilia.

"Cucu nimemwelewa," akasema. "Cucu alikuwa na upweke. Wewe ulikuwa na nini?"

Akachukua mkoba wake akaenda kufungua kufuli.

Ni saa kumi na mbili kasorobo sasa. Nimelijibu swali lile njiani, nikalijibu tena hapa varandani. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba nilikuwa namtetea Tata. Ni uongo. Tata aliniambia niache, nikakataa. Jibu la pili lilikuwa kwamba ushahidi ulinidanganya. Huo pia ni uongo. Shingo zilisema kweli: ni mikono ya mtu. Ni mimi niliyechagua mikono ya nani. Nilichagua ya mwanamke anayefua nguo za watu, kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini.

Jibu la tatu ni kwamba nilifurahia. Nilifurahia kusimama langoni na koti langu jeupe, watu wananisikiliza.

Nimechana kurasa za daftari zilizokuwa na jina lake. Ngozi ya njiwa wa kijivu nimeichuna leo baada ya kurudi, kwa sababu kumtupa ingekuwa kumuua mara ya pili. Imetoka nzima, bila kupasuka hata mahali pamoja. Ya kwanza kutoka nzima tangu nianze. Sijafurahi.

Kesho Jumatatu natoka kazini saa kumi. Nyumba ya Kamenu nimeelekezwa ilipo: lango la kijani, karibu na kanisa. Sijui watanifungulia au wataniuliza mimi ni nani kwanza, na hilo la pili sijui nitalijibu vipi. Nitabisha tu. Nitawaambia yule mama mliyemchukulia ufunguo hakufanya kitu, ni mimi niliyesema.

Wakifunga mlango, nitarudi Jumanne.